Mtoto Aliyepelekwa Mpakani

Daktari Lynnet Awino alikuwa na hadithi moja ambayo hakuwahi kuichoka. Alifungulia nayo mihadhara, alifungia nayo makongamano, na hata mtu akimwuliza tu anafundisha nini, angeipata yote kabla chai haijapoa. "Mimi," angesema, kisha atue kidogo mpaka watu wainue macho, "nilinyonyeshwa na adui."

Hadithi yenyewe ilikwenda hivi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, Wajaluo wa upande wa baba yake, kule Migori karibu na mpaka, na majirani wao Wakuria walikuwa wameibiana ng'ombe mpaka hakuna aliyekumbuka nani alianza. Nyumba zilichomwa. Wanaume walilala na mishale kitandani. Mwishowe wazee wa pande zote mbili walikutana mpakani mwa ardhi zao, wakalaza matawi chini kwa mstari mrefu, na juu ya matawi wakaweka silaha zao. Halafu kutoka kila upande akatoka mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Wakapeana watoto juu ya zile silaha, na kila mmoja akamnyonyesha mtoto wa mwenzake mbele ya watu wote. Basi. Nani tena atapiga mshale upande ambako maziwa yake yamekwenda? Amani ile ilishika, na inashika hadi leo.

"Na mtoto wa upande wetu," Lynnet angemalizia, "alikuwa mimi."

Alifundisha sayansi ya siasa, na utafiti wake wote, miaka nenda miaka rudi, ulizunguka swali moja: kwa nini miungano mingine ya mataifa husimama vita vikija, na mingine huyeyuka. Jibu lake lilikuwa kwamba ahadi ya nchi yenye demokrasia huaminika zaidi, maana kiongozi akiivunja, wapiga kura wake mwenyewe watamtia adabu. Dikteta akiamka vibaya asubuhi moja, muungano umekwisha. Tena alishikilia kwamba ahadi haina uzito mpaka anayeitoa aweke mbele ya watu kitu kinachomuuma. Hapo ndipo yule mtoto mchanga alipoingia. Kitabu chake kilikuwa karibu kumalizika, na sura ya mwisho, iliyosifiwa na kila aliyeionja, ilikuwa ya mpaka wa Migori.

Sasa, mwanamke huyu aliyejua sana jinsi mataifa yanavyoshikamana, yeye mwenyewe hakuwa ameshikamana na mtu. Aliishi Mbita, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake, dirisha la jikoni likitazama maji na kisiwa cha Rusinga. Mume alikuwa ameenda zake zamani, kwa adabu, bila hata ugomvi wa kukumbuka. Watoto hakujaliwa. Mama yake, Rispa, alizikwa mwaka uliotangulia, na tangu siku ile hakuna aliyempigia simu Lynnet bila kuwa na shida. Jumapili ndizo zilizokuwa mbaya. Alipika samaki mzima, akala upande mmoja, upande wa pili akampa paka wa jirani, ambaye alikula na kuondoka bila kugeuka. Wacha niseme wazi: alikuwa mpweke kiasi cha kumwuliza muuza nyanya maswali asiyoyahitaji, ili tu mazungumzo yasiishe.

Ndugu alikuwepo mmoja, kama huyo ni wa kuhesabiwa. Javan alikuwa mtoto wa mke mwenza wa Rispa, na umri wake ulilingana na wa Lynnet. Mama yake Javan aliaga dunia mara tu baada ya kumzaa. Baba yao naye alipofariki, Rispa alimbeba Lynnet akarudi kwao Mbita, na Javan akabaki na nyanya yao. Sasa alikuwa mchimba dhahabu huko Osiri. Siku ya kumzika Rispa alikuja, akachota maji ya wapishi kutwa nzima, na akaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Walisalimiana, wakapeana pole, yakaishia hapo.

Kwa hivyo mtu ataelewa kilichompata Lynnet siku aliyohojiwa kwenye redio, akaisimulia hadithi yake kama kawaida, na kesho yake simu ikalia.

"Dada," ilisema sauti ya mwanamume. "Mimi naitwa Wangwe, wa Kegonga. Yule mama mwenye unasema alikunyonyesha ni mama yangu. Bado ako. Anakungoja."

Lynnet alikaa chini. Alikuwa mtu mzima, mwenye nywele za mvi alizozipaka rangi kila mwezi, na neno "dada" lilimfanya alie kama mtoto aliyeokotwa sokoni.

Mnaweza kuuliza mbona hakuwa amemtafuta mama huyo miaka yote. Alimwuliza Rispa jina lake mara nyingi, na Rispa kila mara alisema majina ya Wakuria ni magumu, kisha akakumbuka kwamba kuna kitu mekoni. Habari yenyewe Lynnet aliipata akiwa mtoto wa shule. Wenzake walimcheka kwamba hana kwao, kwamba mama yake alirudi Mbita na karai moja na mtoto mmoja. Akaja nyumbani analia. Rispa alikuwa akimenya mihogo. Akaweka kisu chini, akamwambia: usilie, wewe una mama wawili, mwingine alikunyonyesha mpakani siku ya amani. Mtoto akafuta machozi. Kuanzia siku hiyo alitembea shuleni kifua mbele, na hakuacha tena kutembea hivyo.

Wangwe alimweleza shida iliyokuwepo. Mama yake, Orpah, alikuwa amekula chumvi nyingi na miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Nyumbani kwao, mama akifika hapo, huwaita wote waliowahi kunyonya kwake, akapiga funda la uji wa wimbi na kuwapulizia kifuani mmoja baada ya mwingine. Hiyo ndiyo baraka yake ya mwisho. Akikosekana mmoja, hakuna wa kubarikiwa. Watoto wa Orpah walikuwa tayari zamani. Kila wakimwuliza, mzee alijibu kwamba watoto wake hawajatimia, yule wa Wajaluo hajaja.

Lynnet alinunua blanketi nzito, sukari, majani ya chai na leso mbili, na bado aliona mikono yake mitupu. Aliendesha gari hadi Migori mjini, akapanda milima ya Kuria, akapita mabanda yenye majani ya tumbaku yaliyotundikwa kukauka, na njia nzima alikuwa akijaribu kwa sauti namna ya kusema "mama". Wangwe alimpokea sokoni Kegonga: mtu mrefu, mcheshi, aliyemshika bega mbele ya wauza ndizi na kuwatangazia kwamba huyu ni dada yake, profesa. Nyumbani, mkewe Mourine alimkumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Watoto walimwita shangazi. Kuku wawili walikuwa wamekwisha kuchinjwa. Lynnet alikaa kwenye stuli ya jikoni akichambua mboga pamoja na wanawake wa boma, na akawaza kwamba kama angekufa saa hiyo, angezikwa na watu wanaomjua.

Kisha akaitwa nyumbani kwa Orpah.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mdogo, mkavu, macho yakiona vizuri kabisa. Aliwafukuza wote waliokuwemo, Wangwe pia, akisema mambo ya kunyonyesha ni ya wanawake. Alizungumza Kiswahili cha sokoni, alichojifunza kwa kuuza mahindi pande zote mbili za mpaka. Akamshika Lynnet mikono, akaigeuza viganja juu, akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Wewe ni wa Rispa," alisema.

Lynnet alisema ndiyo. Alisema pia "mama", na halikutoka kama alivyolijaribu njiani.

"Rispa alinyonyesha msichana wangu. Huyo msichana surua ilimchukua baadaye, akiwa mdogo. Rispa alikuwa mtu mzuri. Mikono yake ilikuwa inatetemeka." Orpah aliachia viganja vyake. "Lakini mwenye mimi nilinyonyesha alikuwa kijana."

Lynnet alitabasamu kama watu wanavyowatabasamia wazee. Alimweleza polepole kwamba miaka imepita mingi, kwamba ni rahisi kusahau, kwamba Rispa alizaa mtoto mmoja tu, msichana, naye ndiye huyu. Orpah alimwacha amalize.

"Mimi nimezaa, nimelea, nimezalisha wengine," alisema. "Kijana na msichana nitakosa kujua? Alikuwa amevuliwa nguo, ni vile ilikuwa inafanywa, ndio watu wote waone mtoto hajafungwa dawa ya uchawi. Alikuwa kijana. Amekonda. Na vile alishika titi, nikajua huyu hajui titi. Mama yake hayuko. Nikasema kwa roho yangu, hawa watu wametuletea mtoto mwenye hakuna wa kumlilia."

Lynnet hakuhitaji kufikiri, kwa sababu jina la Javan lilikuwa limekwisha kuja. Mtoto wa kiume wa umri wake, boma lile lile, bila mama: Rispa alikuwa ametoka nyumbani na mtoto wa mwenzake mgongoni, na wa kwake amemficha ndani. Ndiyo maana mikono yake ilitetemeka. Baadaye, binti yake aliporudi analia, akamfunika na hadithi ya mtoto mwingine kama blanketi, ili anyamaze. Lynnet alimchukia mama yake, na papo hapo alimtamani, na hakujua aanze na lipi.

"Na hukusema?" aliuliza.

"Nikisema, wanaume wanachukua mishale hapo hapo. Nikanyamaza. Nikamnyonyesha mpaka akashiba." Mzee alivuta blanketi jipya magotini, akalipapasa. "Huyo kijana alienda wapi?"

Nje, Mourine alikuwa akimcheka mtoto aliyeangusha sufuria. Harufu ya kuku ilipita mlangoni.

"Kama alikufa, sema tu," Orpah alisema. "Mtu akikufa, wa nyumba yake anaweza kaa mahali yake. Nitakubariki wewe. Hawa watoto wamekupenda."

Hapo ndipo Daktari Awino alipofikishwa. Neno moja tu lilitakiwa. Hakuna ambaye angelichunguza. Javan hakuwa mtu wa kuja Kegonga kuuliza maswali. Kwa neno hilo angepata mama, Wangwe, Mourine, watoto wa kumwita shangazi, mahali pa kwenda Krismasi. Na sura yake ya mwisho ingebaki ilivyo.

"Nitauliza," alisema.

Lilikuwa jibu la mtu wa kamati, na yeye mwenyewe alilisikia hivyo. Alikula kuku. Alicheka palipohitajika kuchekwa. Wangwe alipomsindikiza alimwambia baraka itafanywa Jumamosi, dada, usichelewe.

Migori mjini alisimama kwenye kituo cha mafuta, akazima injini, na hakununua chochote. Kutoka pale barabara moja ilirudi Mbita, nyingine ilikwenda upande wa Osiri. Alijaribu kujifariji kwa kazi yake. Upande wetu, aliwaza, haukuweka mezani kitu kinachouma. Uliweka mtoto wa bure, na amani ikashika hata hivyo. Nadharia gani itabeba hilo? Mkataba mzima ulisimama juu ya mama mmoja aliyeona kwamba ametapeliwa na akafunga mdomo. Aliwaza pia kwamba Javan ameishi bila kujua lolote, kwamba hamkosi mtu asiyemjua. Hilo la mwisho lilikuwa tamu, na alilitafuna mpaka mhudumu akaja kugonga kioo kumwuliza kama gari limeharibika. Alisema hapana. Akawasha, akashika barabara ya Osiri. Sitasema alikuwa shujaa. Alikuwa analia na kamasi zinamtoka.

Osiri ni vumbi na kelele za vinu vya kusagia mawe. Alimwuliza huyu na yule, akaoneshwa banda la mabati, na humo akamkuta Javan akimimina kokoto kwenye kinu, nywele na kope zimegeuka kijivu kwa unga wa mawe. Alipomwona alizima kinu, akapangusa benchi kwa shati lake kabla ya kumkaribisha. Walikaa. Lynnet alimweleza yote kwa Kijaluo chao, bila kuruka, hata ile sehemu ya mtoto asiye na wa kumlilia, kwa kuwa alijua akiiruka hiyo ataruka na nyingine.

Javan alisikiliza akijisugua viganja.

"Hiyo nilikuwa najua," alisema. "Dani aliniambia nikiwa mkubwa."

Nyanya yao alikuwa amemsimulia mpaka mwisho. Wanaume wa kijiji waliketi kuchagua mtoto wa kupelekwa. Kila mama mwenye mtoto mchanga alikataa, akashika wake. Basi wakaamua kwa kunyoosha mikono, mambo ya haki, kila mtu na sauti yake. Waliokuwa na mama walikuwa na wa kuwatetea. Javan hakuwa na mtu, na mikono ikanyooshwa. Baba yao pia alinyoosha.

"Nilikusikia kwa redio, nyaminwa," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo, dada yangu. "Tulikuwa hapa tu, tunasaga."

Lynnet alitamani benchi limmeze. Alimwuliza mbona hakupiga simu.

"Nikuambie nini? Uliisema vizuri. Kwa mdomo wako ilikuwa kitu ya maana. Kwangu ilikuwa tu ile siku waliketi wakaona ni mimi wa kupotea." Alikung'uta unga wa mawe magotini. "Nikasema wacha akae nayo."

Lynnet alimwambia tu lililobaki: kwamba kuna mama Kegonga anayemngoja yeye, si mtu mwingine, na kwamba amekataa kuwabariki watoto wa tumbo lake kwa sababu yeye hajafika.

Javan aliinua uso.

"Alijua mimi si wa Rispa?"

"Alijua."

"Na akaninyonyesha?"

"Mpaka ukashiba."

Aliinuka, akaenda kwenye pipa la maji nyuma ya banda, akaanza kuosha kichwa. Aliosha muda mrefu kupita kiasi cha uchafu uliokuwepo, na Lynnet akaangalia pembeni.

Jumamosi walifika Kegonga kabla jua halijawa kali. Lynnet alikuwa amempigia Wangwe simu na kumwambia ukweli, na Wangwe alikuwa mtu mwema. Hakusema neno baya. Alimkumbatia Javan, akamrudisha nyuma amtazame, akamkumbatia tena. Lakini Lynnet alipewa mikono miwili, Wangwe akiinama kidogo na kumshukuru kwa kusafiri. Mourine alimletea kiti cha plastiki na kukipangusa. Aliposimama aende jikoni kusaidia, wanawake walimzuia kwa upole: mgeni hachambui mboga.

Orpah alitolewa nje akaketishwa kwenye ngozi, kibuyu cha uji wa wimbi mkononi. Aliwaita watoto wake kwa kufuata walivyonyonya. Mkubwa alipita, akapiga magoti, akapuliziwa kifuani. Kisha mzee alisema jambo kwa Kikuria, na Wangwe akamsukuma Javan mbele. Mchimba dhahabu yule mwenye mabega mapana alipiga magoti, akafungua vifungo vya shati. Orpah hakumpulizia haraka. Alimpapasa mashavu, shingo, akamwita mwanangu kwa lugha yake, na Javan, ambaye hakuwa na Kikuria, aliitika. Uji ukamlowesha kifua. Alibaki pale pale chini mpaka Wangwe alipokuja kumwinua.

Wengine waliitwa, wakapita, wa mwisho akapita. Mzee alitikisa kibuyu, ukasikika uji uliobaki. Akauliza kama kuna mwingine.

Lynnet alikuwa amekwisha kuinuka kwenye kiti. Hakuamua, miguu ndiyo iliyoinuka. Wangwe alizungusha macho uwanjani, akamwona, na kwa muda mfupi hakuna aliyejua pa kuangalia.

"Hakuna, mama," alisema. "Wamebaki wageni tu."

Wageni walihudumiwa kwanza, kama inavyopaswa. Lynnet alinawishwa mikono, akapewa maini na firigisi, akawekwa karibu na mchungaji na chifu mstaafu aliyetaka kujua maoni yake juu ya vita vya ng'ambo na nani atamsaidia nani. Alimjibu vizuri. Alisifu chakula. Watoto wa nyumba walikuwa wanakula jikoni, wamebanana, wananyang'anyana nyama kwenye sinia moja, na katikati ya sauti zao alisikia kicheko kizito asichokitambua, kikiendelea na kuendelea. Alitega sikio. Alikuwa Javan. Lynnet hakuwa amewahi kumsikia akicheka.